Nilipunguza kilo 11, nikashindwa kubeba jerikeni: waliovuka 40 tukutane hapa

WakalaWaMpakani (Malaba)

Wakuu, uzi huu nilitaka kuuandika tangu Krismasi, aibu ikanizuia. Leo liwalo na liwe.

Nina miaka 47. Kazi yangu ni makaratasi ya forodha hapa mpakani mwa Uganda na Kenya, upande wa Uganda, yaani kazi ya kukaa. Nakaa ofisini, nakaa kwenye boda nikienda foleni ya malori, na jioni nakaa kwenye chungu cha malwa, pombe yetu ya wimbi, na mrija wangu mdomoni. Mwaka juzi mizani ilisoma kilo 94. Mkanda wangu mke aliutoboa matundu mawili mapya kwa msumari wa moto. Zahanati wakanipima presha, wakasema imeanza kupanda, punguza uzito. Hawakuongeza neno, nami nikapunguza kweli.

Kila alfajiri saa 11 niko barabarani, nakimbia kando ya matrela kuelekea Tororo, ule mwamba mbele yangu, najiona Kiprotich, bingwa wetu wa marathoni wa London 2012. Usiku sili, chai ya rangi basi. Mchana posho (ugali) kidogo na sukuma. Mayai niliyaogopa, nyama niliiogopa, maharage niliyasingizia gesi. Miezi minne, kilo 83. Suruali zinaning'inia. Wengine wakanisifu, wengine wakamvuta mke wangu pembeni kumwuliza kama nimepima, maana nchi hii ukikonda ghafla wenye umri wanakumbuka miaka ya 80, UKIMWI ulipoitwa Slim.

Sasa sikilizeni. Maji ya bomba yakakatika siku tatu. Nikaenda kwenye pampu na jerikeni ya lita 20, nikajaza, nikainama niipandishe kwenye keria ya baiskeli. Ikafika magotini, ikagoma. Mikono inatetemeka, maji yanamwagikia viatu. Nyuma yangu binti wa jirani, yuko P7 (darasa la saba), akaweka ngata kichwani, akachuchumaa, akapandisha yake, akaenda zake. Halafu akarudi kunisaidia yangu. "Pole mzee."

Mzee!

Na nilipokuwa na kilo 94 jerikeni hiyohiyo nilikuwa naipandisha huku naongea na simu.

Nikaanza kusoma na kuuliza. Kumbe kuanzia miaka thelathini na kitu mwili unapoteza misuli, kati ya asilimia 3 na 8 kila miaka kumi, na ukipita 60 kasi inaongezeka. Ukijinyima chakula bila kunyanyua kitu kizito, hayaondoki mafuta peke yake. Karibu robo ya kilo zinazotoka huwa si mafuta, na humo misuli imo. Mtu aliyekimbia protini kama mimi hali yake huwa mbaya zaidi. Kwa hiyo mizani ilinipigia makofi huku mapaja yangu yakiibiwa.

Kabla hamjanishauri, fanyeni jaribio hili. Kiti cha kawaida, kiegemezwe ukutani kisiteleze. Kunja mikono kifuani. Simama wima kabisa, kaa, mara 5, haraka uwezavyo. Wanaotibu wazee husema ikizidi sekunde 15, miguu imeanza kuishiwa nguvu. Mimi nilipata 14, na mimi si mzee (hata kama yule binti ana maoni yake). Wekeni zenu, msidanganye.

BodaWaKireka

8. Nina 41. Ila nikimaliza mgongo ulilia kama mlango wa zamani.

MzeeWaJembe (Sironko)

Haya ni mambo ya watu wa ofisini. Nina 58, nalima kahawa na ndizi mlimani huku, jembe ndilo jimu yangu. Babu yangu alifika miaka tisini hajui protini ni mnyama gani. Sekunde 9, tena mimi nimetumia kigoda.

WakalaWaMpakani

Shikamoo mzee wangu. Sikupingi. Babu yako alishuka mlima na mkungu wa matooke kichwani, mimi naita boda kwenda duka lililo mita 300. Jembe sina, ndiyo maana natafuta pa kulipatia.

KiguuNaNjia

Si uende jimu tu kaka?

WakalaWaMpakani

Nilienda, mji mmoja huku mashariki, sitautaja. Kijana wa pale umri wa mwanangu wa kwanza. Siku ya pili akaniwekea kilo 60 kifuani, "mzee usiogope, ni akili tu." Bega la kulia likalia ka! Wiki sita nilikuwa navaa shati kwa kuanzia mkono mbovu. Ada ya mwezi sikurudishiwa.

Basi nikarudi kwa adui yangu, jerikeni. Nieleze ninavyofanya, wataalamu mnirekebishe.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Hiyo ndiyo siri yote. Jerikeni ya lita 20 ni seti nzima ya vyuma, unaamua mwenyewe uzito kwa kikombe. Nilianza na lita 8. Nikiweza raundi tatu za mara kumi bila kuyumba, siku inayofuata naongeza chupa mbili za nusu lita. Kuna wiki sikuongeza kitu. Kuna wiki nilirudi nyuma, nilikuwa na malaria.

Jumatatu na Alhamisi, nyuma ya nyumba, dakika 40. Kwanza naikumbatia kifuani, nachuchumaa mpaka makalio yaguse benchi, nasimama. Pili naiweka chini kati ya miguu, mgongo umenyooka, natoa makalio nyuma, nainyanyua kwa nguvu ya mapaja. Tatu nainama, mkono mmoja kwenye benchi, wa pili unavuta jerikeni hadi mbavuni. Nne pushapu, lakini si za chini; nimeweka mikono kwenye ukingo wa benchi kwa sababu ya bega. Mwisho natembea na jerikeni mbili, moja kila mkono, kutoka choo hadi lango na kurudi, mpaka vidole vikatae.

Vidole ndivyo vilikataa kwanza. Ule mpini wa plastiki unakata kama waya. Nimeuzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, sasa unashikika. Jambo jingine ambalo hakuna aliyenionya, jerikeni iliyojaa nusu ni ngumu kuliko iliyojaa, maji yanakimbia huku na huku yanakuvuta nayo. Siku za kwanza nilionekana nacheza ngoma na jini. Watoto wa jirani walileta viti.

Mbio sijaziacha kabisa, natembea haraka siku nyingine tatu.

KochaMukono

Mzee wa Malaba, umefanya vizuri kuliko wengi ninaowafundisha kwa pesa. Niongeze machache, maana watu wa umri huu nawaona kila siku wakiumia bure.

Siku mbili ulizochagua zinatosha. Shirika la Afya Duniani, mwongozo wake wa 2020, linasema mtu mzima afanye mazoezi ya misuli angalau siku mbili kwa wiki, na juu yake dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani. Watu wanachukua ile 150 wanasahau zile siku mbili.

Usifike mahali pa kushindwa kabisa. Ukihisi bado ungeweza mbili za ziada, weka chini. Kijana wa miaka 22 akijichosha leo kesho kutwa amepona. Sisi misuli inapona, lakini kano zinazoishikilia kwenye mfupa zinachelewa, ndizo zinazolia miezi mitatu. Bega lako halikuvunjwa na kilo 60, lilivunjwa na siku ya pili. Kilo hizohizo baada ya mwaka huenda zingekuwa mchezo.

Wenye presha, msibane pumzi mkinyanyua. Ukibana, presha inaruka ghafla. Toa pumzi wakati wa kupandisha, vuta wakati wa kushusha. Na kama mashine inasoma 180 juu au 110 chini, usianze kabisa, nenda kwanza katibiwe ishuke. Mwenye sukari anayetumia insulini au vidonge vya kuishusha, awe na kitu kitamu mfukoni, kwa sababu misuli ikifanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu. Ni habari njema hiyo, lakini inaweza kukuangusha ukiwa peke yako nyuma ya nyumba.

Ukifika lita 20, mwaga maji weka mchanga mkavu. Jerikeni ileile itapita kilo 30.

MzeeWaJembe (Sironko)

Mchanga ndani ya jerikeni. Mungu wangu. Na mimi nina ekari moja ya magugu hapa, njooni mlipe kiingilio.

SamakiWaArua

Hamjambo. Mimi ni mama wa miaka 51, nauza samaki wakavu sokoni Arua. Nabeba mizigo tangu utoto, kwa hiyo sikufikiri uzi huu unanihusu. Nimejipima kwenye kiti cha dukani, sekunde 16. Nikarudia nikidhani simu imekosea. 16 tena.

Hedhi imekoma mwaka juzi. Tangu hapo tumbo limekuja ambalo halikuwepo hata baada ya watoto watano, magoti yanasema kila nikiinuka, usiku jasho. Chakula sijabadilisha. Hili ni la umri tu nivumilie, au jerikeni inafaa na sisi?

KochaMukono

Mama, inawafaa ninyi kuliko sisi. Homoni ya kike ikishuka, mifupa inapungua haraka miaka ile ya mwanzo, na misuli nayo, na mafuta yanahamia tumboni hata kama sahani ni ileile. Mfupa unaimarika ukibebeshwa uzito unaoongezeka. Kutembea peke yake hakutoshi.

Kuhusu mizigo ya sokoni: nadhani siku hizi vijana ndio wanakubebea, wewe unakaa kuuza? Anza na kiti hichohicho. Kaa na simama mara 8, raundi tatu, siku mbili au tatu kwa wiki, bila jerikeni. Goti likiuma, ongeza mto juu ya kiti ili usishuke chini sana. Mto ukitoka, ndipo ushike lita 5. Ila goti likivimba au likijifunga, hilo si la jukwaani, likaangaliwe.

SamakiWaArua

Umejuaje kuhusu vijana. Nimeanza leo. Mto mmoja.

BodaWaKireka

Na chakula? Mimi mchana ni kikomando (chapati na maharage) au rolex (chapati iliyokunjwa na mayai), sina jiko barabarani.

WakalaWaMpakani

Chakula ndicho kilichonipa shida kuliko jerikeni, nitaandika kirefu.

Kosa letu Waganda (na nyinyi majirani msicheke) ni kwamba tunasema "chakula" tukimaanisha matooke, posho, kalo (ugali wa wimbi), muhogo, viazi. Kinachobaki tunaita "mchuzi", yaani cha kusindikizia. Sahani inakuwa mlima wa matooke na kisima kidogo cha binyebwa, mchuzi wa karanga, pembeni. Matooke si sumu, mimi nayapenda na sitayaacha, lakini gramu 100 zina protini gramu moja hivi. Utakula mpaka ulale, misuli bado inasubiri.

Kiasi cha chini kabisa wanachosema ni gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa umri wetu anayenyanyua vitu anashauriwa 1.2 hadi 1.6, kwa sababu misuli ya makamo imekuwa kiziwi, inahitaji kuitwa kwa sauti kubwa. Kwangu, kilo 83, ni kama gramu 100 kwa siku. Na izigawe, usirundike zote usiku.

Siku yangu ya jana: asubuhi mayai matatu, gramu 18, na kikombe cha maziwa, 8. Mchana kikombe kizima cha maharage yaliyoiva, 15, posho ukubwa wa ngumi badala ya ukubwa wa kofia. Saa 10 kiganja cha karanga, 7. Usiku kipande cha ngege (tilapia) cha gramu 150, karibu 39, mboga nyingi, matooke vidole viwili. Ukijumlisha na kidogo kilichomo kwenye posho na matooke, umefika. Karanga nazipima kwa kiganja kwa makusudi, zina mafuta mengi. Niliwahi kumaliza pakiti nzima nikisubiri dereva mmoja, hizo zilikuwa kalori za mlo.

Siku ya mfuko mwepesi ni mukene, wale dagaa wa ziwani. Hapo ndipo pesa yako inanunua protini nyingi, waliokaushwa zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na ukiwala na mifupa unapata kalsiamu. Shida ni mchanga, hasa wale walioanikwa chini. Mke wangu huwatoa vichwa, huwaloweka kwenye maji ya vuguvugu, huwatikisa, humwaga, mara tatu mpaka chini ya beseni pasisikike mkwaruzo. Kisha anawakaanga wakavu kabla ya nyanya. Niliwahi kuosha mimi, mara moja. Tulitafuna ufukwe wa ziwa.

Bwana boda: kikomando si kibaya, kina maharage. Mwambie akuongezee maharage, chapati iwe moja. Rolex, mayai matatu chapati moja. Mpishi atakuangalia vibaya siku ya kwanza tu.

Sukari ya chai nimeikata. Vijiko vinne, vikombe vinne kwa siku, ilikuwa zaidi ya gramu 60 ambazo sikuwahi kuzihesabu kama chakula. Malwa ni Ijumaa pekee. Msiniambie niiache.

SamakiWaArua

Umesahau angara, samaki wetu wa huku. Njoo Arua ule angara na odi, rojo la karanga, utasahau ngege wenu.

NubiWaBombo

Asalaam alaykum. Swali kwa wote. Mwaka huu nilipata nguvu nzuri, ikaja Ramadhani nikaacha kila kitu, baada ya Idi nikaanza kama mtoto. Nina 44. Ninyi mnafanyaje?

KochaMukono

Waalaykum salaam. Usiache, punguza. Fanya baada ya futari, saa moja au mbili baadaye, raundi mbili badala ya tatu, uzito uleule. Mwezi huo lengo ni kutunza ulichonacho. Misuli haiyeyuki kwa wiki nne ukiishtua kidogo kila wiki. Kinachoiua ni futari ya sambusa na juisi halafu daku ya chai. Daku ndipo mahali pa mayai, maharage, maziwa. Na maji, tangu magharibi mpaka alfajiri.

NubiWaBombo

Daku mimi huwa sili kabisa, napenda usingizi. Nimeelewa tatizo liko wapi.

KiguuNaNjia

Kuna unga fulani wa misuli wanauza mjini, unasaidia?

KochaMukono

Kuna aina mbili, usichanganye. Unga wa protini ni chakula tu, kama mayai na maharage unayapata huuhitaji. Kreatini ni kitu kingine, imechunguzwa sana, gramu 3 hadi 5 kwa siku inaongeza nguvu kidogo kwa mtu anayefanya mazoezi. Asiyefanya haimsaidii sana. Mwenye ugonjwa wa figo aiache mpaka aongee na daktari. Chochote kingine kinachoahidi kifua kwa siku 14, funga mfuko wako.

BodaWaKireka

Taarifa kutoka steji. Nimeleta kiti cha mama wa chapati, tumepimana wote kumi na moja. Wa mwisho anunue rolex za watu wote. Aliyepoteza ana miaka 29, sekunde 17, hashuki kwenye pikipiki hata kununua maji. Mshindi ni mlinzi wa benki ya jirani, mzee wa miaka 60, alikuja kuuliza tunafanya nini. Sekunde 7.

MzeeWaJembe (Sironko)

Huyo mlinzi ni wa kwetu, bila shaka.

(Kocha, nikuulize kwa sauti ya chini. Mapaja yangu sawa. Lakini mkono kupanda juu ya kichwa, kama kushusha mkungu, bega linakwama. Jembe ni kuvuta chini tu miaka arobaini.)

KochaMukono

Mzee, hapo umejitibu mwenyewe, jembe halisukumi. Pushapu za ukutani kwanza. Hata Mzee Museveni wakati wa karantini ya korona 2020 alijirekodi akipiga pushapu ofisini, alikuwa na miaka 75. Zako ziwe za ukuta wa stoo ya kahawa, mara nane, hakuna atakayekuona. Halafu chupa ya lita moja kila mkono, pandisha juu taratibu, ishia pale panapoanza kukwama, usilazimishe.

WakalaWaMpakani

Wiki ya kumi na tatu. Kilo 85, yaani nimeongezeka mbili, na mkanda umerudi tundu moja. Mizani sasa naipuuza, napima kiuno kwa futi ya fundi cherehani. Kiti sekunde 10. Jerikeni lita 19. Juzi maji yalikatika tena, nikaenda pampu kwa makusudi saa ambayo yule binti huwa pale. Hakuja. Nimeambiwa yuko bweni.

DerevaWaMombasa

Nimesoma uzi huu Mariakani mpaka Kampala, kwa vipande, nikisimama. Nina 49, saa kumi kwa siku nimekaa kwenye usukani. Nikanunua jerikeni mbili Busia, nikajaza mchanga nusu, nikaziweka nyuma ya kiti. Nafanya pale ninapolaza gari.

Jana polisi wa barabarani kaziona. Hapa mpakani jerikeni mbili nyuma ya kiti zinajulikana ni nini. "Mafuta ya magendo haya?" Nikamwambia ni mchanga. Akafungua, akanusa. Akachovya kidole. Akaniangalia.

"Mchanga wa kupeleka wapi?"

WakalaWaMpakani

Ungemletea kiti.